Mkulima Naye Hufundishwa na Mungu

Masomo: Isaya 28:23–29, Luka 13:6–9



Mtaani mwetu hapa Kimara, matokeo ya mitihani yanapotoka na vijana wanapopata nafasi za vyuo, husomwa kanisani matangazo ya shukrani. Wazazi husimama pamoja na mtoto wao, Padre huwaombea, na akina mama hupiga vigelegele. Mtoto akiwa amechaguliwa kusomea udaktari, sheria au uhasibu, vigelegele hivyo husikika mpaka barabarani. Lakini mtoto akiwa amechaguliwa kusomea kilimo, aghalabu wazazi wake hawaleti tangazo. Hutoa sadaka yao ya shukrani kimya kimya, kama watu wenye jambo la kuficha. Ukiwauliza, hujibu, "Yuko Morogoro, anasoma," na hapo hunyamaza.

Ndugu zetu, leo tutafakari pamoja juu ya ukimya huo, maana ndani yake mna neno linalomhusu Mungu mwenyewe.

Tusome Isaya sura ya 28. Nabii alikuwa akisema na wakubwa wa Yerusalemu, watu wa mjini, wenye dhihaka, waliomwona kuwa ni mwalimu wa watoto wadogo. Alipotaka kuwafundisha akili za Mungu zilivyo, hakuwaonyesha mfalme wala kuhani. Aliwaonyesha mkulima. Akawauliza kama mkulima hulima tu siku zote bila kupanda. La, husawazisha udongo, kisha kila mbegu huiweka mahali pake: hii hutawanywa, ile hupandwa kwa mstari, na nyingine huwekwa mpakani. Wakati wa kupura ukifika, hapuri nafaka zote kwa chombo kimoja. Zile laini huzipiga kwa fimbo, asije akazisaga kwa gurudumu. Nabii anamaliza kwa kusema kwamba maarifa hayo yote mkulima ameyapata kwa Bwana wa majeshi, ambaye shauri lake ni la ajabu.

Basi angalieni. Maandiko hayasemi kwamba mkulima ni mtu aliyekosa shule. Yasema kwamba mkulima ni mwanafunzi, na mwalimu wake ni Mungu. Kama hivyo ndivyo, mzazi anayeona haya kwa kuwa mwanawe amekwenda kusoma kilimo, anaona haya kwa sababu mwanawe ameingia katika darasa la Mungu.

Dharau hii ilitoka wapi? Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa Uhuru, na ambao tumemaliza miaka yetu ya kazi katika chuo cha ualimu, twaijua njia yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Kusudi lake lilikuwa jema: shule iwe na shamba, mtoto ajifunze kwa mikono na kwa akili, asirudi nyumbani akiwadharau wazazi wake. Lakini katika shule nyingi mambo yalikwenda vingine. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele darasani alipewa matuta kumi. Aliyefanya vema aliachwa asome kivulini. Somo hilo halikuandikwa katika muhtasari wowote, lakini ndilo lililokaa vichwani: kwamba jembe ni adhabu na kalamu ni tuzo. Watoto wale leo ndio wazazi, na sasa wanaulizwa na watoto wao kama kilimo ni jambo la kusomea. Watajibu nini?

Tutoe mfano mmoja. Binti wa jirani, mwenye bidii, alimaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia. Baba yake ni fundi wa magari, mama yake huuza vitenge. Wote wawili walikwisha kuamini kwamba nyumba yao itatoa daktari. Jioni moja binti akaja na habari.

"Mama, nimepata Chuo Kikuu. Nakwenda Sokoine."

"Mungu ni mwema! Udaktari?"

"Kilimo, mama."

Mama hakujibu. Baba ndiye aliyesema, naye alisema kwa uchungu. "Mwanangu, jembe bibi yako alikuwa nalo, wala hakuhitaji chuo. Mimi nimelala chini ya magari ya watu miaka ishirini ili wewe usilishike."

Tusimcheke baba huyu. Maneno yake yana jasho ndani yake. Yeye alimwona mama yake akilima maisha yake yote, akavuna kidogo, akauza kwa bei ya hasara, akafa hana akiba. Alichokimbia ni umaskini, nao umaskini aliukuta umeshika jembe, akadhani ni kitu kimoja. Ilimbidi bibi mwenyewe wa upande wa mama, aliyekuwa amekuja kutibiwa macho, afungue kinywa. "Baba," alimwambia mkwewe kwa upole, "sisi tulilima bila kujua kwa nini shamba linachoka. Tulihama tu, tukafyeka pengine. Sasa hakuna pa kuhamia. Mwache mjukuu wangu akaulize ardhi ina nini, halafu aje atuambie."

Wapendwa, bibi yule hakuwa amesoma sana, lakini neno lake ni la kitaalamu. Zamani shamba lilipochoka liliachwa likalala, msitu ukarudi, udongo ukapata nguvu. Mungu naye aliwaagiza Waisraeli katika Walawi sura ya 25 kwamba ardhi nayo ipewe sabato yake kila mwaka wa saba. Leo watu wamekuwa wengi, mashamba yamekuwa madogo, na ardhi hailali. Asiyeweza kuhama hana budi kujifunza namna ya kukaa. Na elimu ya kukaa na ardhi bila kuimaliza ndiyo inayoitwa kilimo endelevu.

Yafaa basi tueleze mtoto anakwenda kusoma nini, maana wazazi wengi hawajaambiwa. Chuo cha kilimo cha Morogoro kilianza mwaka 1965. Baadaye kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikafanywa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari mkoani humo mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Asiyepata alama za chuo kikuu anayo milango mingine: viko vyuo vya kilimo vya Ukiriguru, Uyole, Ilonga, Mlingano na vinginevyo, ambako kijana huanza kwa cheti, akaendelea na stashahada, na akijaliwa, hufika Sokoine kwa ngazi hiyo.

Huko hafundishwi kushika jembe. Afundishwa kwa nini kunde, maharage na mbaazi huurudishia udongo nguvu. Katika mizizi yake mna vinundu, na ndani ya vinundu mna vijidudu ambavyo huchukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Afundishwa kupokezana mazao, ili shamba lisiombwe kitu kile kile kila mwaka. Afundishwa kutengeneza mboji, kufunika udongo kwa matandazo ili jua lisiukaushe wala mvua isiuchape, na kukata makinga maji katika mteremko. Afundishwa kumtambua mdudu mharibifu, na pia mdudu rafiki anayemla mharibifu, asije akawaua wote wawili kwa sumu moja. Je, hili si jambo lile lile la nabii Isaya, kwamba si kila nafaka hupurwa kwa gurudumu?

Huenda mtu akasema, "Sisi ni watu wa mjini, mambo ya milima na matandazo yanatuhusu nini?" Ndugu, fungua bomba lako. Maji tunayoyanywa Kimara huja kutoka Mto Ruvu. Husafishwa kule Ruvu Juu, yakasukumwa mpaka kwenye matangi yaliyopo hapa hapa Kimara. Na Mto Ruvu hupata maji yake milima ya Uluguru, katika miteremko ambako watu hulima. Mkulima wa Uluguru akilima vibaya, mvua huondoka na udongo wake, yeye akakosa mahindi, na mto ukawa na tope masika na kupungua kiangazi. Mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, maji ya Ruvu yalipopungua, Dar es Salaam ilipewa maji kwa mgao, na sisi tulipanga ndoo. Ukame ulikuwa ndio sababu kubwa, lakini mlima uliovuliwa nguo hauwezi kuweka akiba ya maji kwa siku za ukame. Hivyo kijana anayekwenda kumfundisha mkulima wa Uluguru kuushika udongo wake analinda pia kikombe cha mama yake Kimara. Na hata makorongo yetu wenyewe ya Kimara na Bonyokwa, yanayokula viwanja kila masika na kupeleka mchanga bonde la Msimbazi, yangepungua kama tungejifunza kupanda nyasi na miti kingoni mwake.

Uko mfano ulio hai wa njia hii. Janet Maro, aliyekulia Kilimanjaro, alisoma kilimo pale Sokoine. Mwaka 2009 alishiriki kuanzisha kazi iliyoitwa Bustani ya Tushikamane, ambako wakulima walionyeshwa kwa macho kilimo kisichotegemea sumu. Mwaka 2011 kazi hiyo ikazaa taasisi ya Sustainable Agriculture Tanzania, maarufu kwa jina la SAT, yenye kituo cha mafunzo kule Vianzi, nje ya mji wa Morogoro. Wamewafundisha wakulima wa Uluguru, na tena wamewaketisha pamoja wakulima na wafugaji, ili samadi ya mfugaji iende shambani, na mabua ya mkulima yaende kwa ng'ombe. Tusilipite jambo hilo upesi. Mwezi wa Desemba 2000, katika wilaya ya Kilosa, mkoa huo huo wa Morogoro, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Bwana alisema heri wapatanishi. Upatanishi mwingine hufanywa kwa maneno mezani, na mwingine hufanywa kwa toroli la samadi.

Lakini elimu hii ina sharti, nalo ni unyenyekevu. Twajua kwa historia yetu kitu gani hutokea pale wenye madaraka wanapoigeukia ardhi bila kuiuliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mpango wa karanga Kongwa, pale pale ambapo Kanisa letu lina Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta kwa wingi, lakini hawakuupima vya kutosha udongo wala mvua. Kiangazi kilipofika, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa kiasi cha paundi milioni 36. Na huko Uluguru, mabwana wa kikoloni waliwalazimisha watu kuchimba ngazi milimani. Ngazi zenyewe si kitu kibaya, lakini amri bila heshima huzaa chuki. Mwaka 1955 fujo zikatokea, na mpango ukaachwa.

Wakati huo huo, wilayani Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima miteremko mikali bila kupoteza udongo, kama walivyofundishwa na babu zao. Hukata majani, huyapanga kwa miraba, huyafunika kwa udongo, na katikati huacha shimo. Mashimo hayo, yaitwayo ngoro, hukamata maji ya mvua na tope lake, na majani yakioza huwa mbolea. Hakuna profesa aliyewafundisha. Basi kijana wetu akienda chuoni, aende na daftari mbili: moja ya kuandika ya mwalimu, na nyingine ya kuandika ya mzee wa kijijini. Bwana wa majeshi amewafundisha wote wawili.

Tena tusidhani kwamba njia ya kwenda huko hunyooka tangu mwanzo. George Washington Carver alizaliwa Marekani katika utumwa, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kilipoona ni mtu mweusi kikamkataa. Alipopata nafasi Chuo cha Simpson alisomea uchoraji, naye alikuwa na kipawa kweli. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi alivyoipenda mimea, akamshauri aende akasome kilimo kule Iowa. Akaenda mwaka 1891. Mwaka 1896 akahamia Tuskegee, Alabama, akawafundisha wakulima weusi maskini, ambao mashamba yao yalikuwa yamechoshwa na pamba, wapande kunde, karanga na viazi vitamu ili udongo upone. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1943, na Jumapili aliwafundisha wanafunzi Biblia. Tazameni kazi ya mwalimu mmoja! Sisi tuliokuwa walimu wa walimu twajua kwamba neno moja la mwalimu au la mzazi laweza kumfungulia mtoto mlango au kuufunga.

Sasa tuje katika Injili. Katika Luka sura ya 13, mwenye shamba aliujia mtini wake mwaka wa tatu, hakuona tunda, akaagiza ukatwe, maana unaichosha ardhi bure. Mtunzaji hakubishana naye, wala hakusema kwamba mti ni mzuri. Aliomba mwaka mmoja, apalilie kuuzunguka na kutia samadi. Twaelezwa daima kwamba mfano huu ni juu ya uvumilivu wa Mungu, nayo ni kweli. Lakini mwone jinsi uvumilivu huo ulivyo. Hakukaa akingoja. Alikuwa na jembe, alikuwa na samadi, na alikuwa na maarifa ya kujua kwamba kasoro yaweza kuwa katika udongo. Huruma yake ilikuwa na kazi ndani yake. Nasi, wapendwa, tu mtini ule. Kama Mwokozi wetu angetutazama kwa jicho la mwenye shamba peke yake, tungekwisha kukatwa zamani.

Kwa sababu hiyo yatupasa tutende mambo matatu.

Kwanza, wazazi. Mtoto akichaguliwa kusomea kilimo, leteni tangazo la shukrani kama wengine, na sisi wengine tupige vigelegele vile vile. Msimwambie kwamba mwakani ajaribu tena apate kitu cha maana. Hatusemi kila mtoto asome kilimo. Mungu ana viungo vingi katika mwili wake. Twasema tu, yule aliyeitwa huko asifanywe yatima wa moyo nyumbani kwao.

Pili, vijana wenyewe. Msiende Morogoro kwa sababu nafasi ya udaktari imekosekana, mkakaa miaka mitatu mmenuna. Na msidanganyike kwamba mtatajirika kwa msimu mmoja wa matikiti maji, kama wasemavyo watu wa matangazo. Mvua hukosa, bei huanguka, na mtaji ni mgumu. Someni kwa bidii, hesabuni gharama, anzeni kwa kidogo.

Tatu, na hili ndilo gumu, sisi wenye mashamba. Kijana anaweza kumaliza chuo na shahada yake, asiwe na hata robo ekari ya kukanyaga. Lakini tupo wengi katika mtaa huu tulionunua ekari mbili, ekari tano, kule Kisarawe, Mlandizi na Bagamoyo, na kazi yetu ni kwenda mara mbili kwa mwaka kutazama kama jiwe la mpaka limehamishwa. Shamba limelala, kijana amekaa kijiweni, na sisi twangoja bei ipande. Je, tutamjibu nini Bwana wa shamba? Hatulazimiki kuuza wala kugawa urithi wa watoto wetu. Lakini twaweza kumwazima kijana ekari moja kwa miaka mitano, kwa maandishi, mbele ya Padre na wazee wa kanisa, naye atuletee sehemu ya mavuno na aiache ardhi katika hali bora kuliko alivyoipokea. Twaiomba kamati ya mtaa wetu ilizungumze jambo hili kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Tena Kanisa letu tangu zamani limezitenga siku tatu kabla ya Kupaa kwake Bwana kwa kuombea mashamba. Siku hizo vijana wanaosoma kilimo waitwe mbele ya altare, wawekewe mikono na kuombewa.

Binti yule wa jirani sasa yuko mwaka wa pili. Baba yake bado hasemi mengi. Lakini mwezi uliopita alionekana nyuma ya gereji akirundika majani, maganda na mavi ya kuku katika shimo, kwa maelekezo aliyopewa kwa simu, na mtu alipomwuliza anafanya nini, alijibu kwa sauti kubwa kwamba anatengeneza mboji ya mwanawe.

Mwisho, kumbukeni asubuhi ile ya Pasaka katika Yohana sura ya 20. Mariamu Magdalene alipomwona Bwana aliyefufuka hakumtambua, akadhani ni mtunza bustani. Bwana hakuona haya kudhaniwa hivyo. Aliitwa kwa kosa jina la mkulima, naye akajibu kwa kumwita Mariamu kwa jina lake. Ikiwa Mwana wa Mungu katika utukufu wa ufufuo hakuona haya, sisi wa Kimara ni nani hata tuone haya?

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, uwabariki vijana wetu wanaosoma siri za udongo na mbegu. Uwape macho ya kuona, subira ya kungoja, na unyenyekevu wa kuwasikiliza wazee. Utusamehe sisi tulioidharau kazi uliyompa Adamu kabla ya kazi nyingine zote. Utupe moyo wa kufungua mikono yetu na mashamba yetu, ili ardhi ipumzike, maji yatiririke, na watoto wako wapate mkate wao wa kila siku. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.